Fomu ya Mke Mwenza

Jumamosi, 5 Aprili

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, ndiyo maana naliandika huku nyuma ya daftari la Kemia, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayefungua kwa hiari yake. Namsomea bibi yangu uongo.

Si uongo wa kutunga hadithi. Huu ni uongo wa kutafsiri, na ni mbaya zaidi, kwa sababu anayenisikiliza anaona kidole changu kinapita juu ya maneno, mstari kwa mstari, na anaamini kinachotoka mdomoni ndicho kilichoandikwa.

Mjomba, kaka yake Mama, yuko nje mwaka wa kumi na nne sasa, anatengeneza lifti za maghorofa. Ameamua kwamba Bibi akitimiza miaka sabini lazima apande meli. Hasemi hizi za kuvukia. Anasema zile ndogo za kifahari, abiria hawafiki hata mia mbili, wahudumu ni wengi kuliko wageni. Ametuma brosha tatu kwa posta, nzito kama albamu za harusi, na ujumbe: "Mama achague mwenyewe. Asichaguliwe na mtu." Zote tatu zinapita kwenye mji anaokaa yeye.

Brosha ni za Kiingereza. Bibi anasoma Kiswahili vizuri kunishinda, lakini Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu ya asubuhi. Mama anashinda kwenye duka la dawa anakofanya kazi. Nimebaki mimi, niliyefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na ambaye kwa lugha zote mbili sina sauti mbele ya watu.

Sababu ya uongo ni hii. Wiki iliyopita nilipita nje ya dirisha la jikoni, nikamsikia Mama anaongea na Mjomba kwenye simu. "Meli ikifika huko, abaki. Ndiyo, abaki moja kwa moja. Hapana, bado sijamwambia."

Abaki! Bibi anadhani anaenda kutembea na kurudi.

Kwa hiyo leo, kwenye meli ya kwanza, palipoandikwa kwamba kila chumba kina dirisha kuanzia sakafuni hadi darini, mimi nikasoma: "Vyumba havina madirisha."

Bibi akaitazama picha. Kwenye picha kuna dirisha kubwa kama mlango wa gereji, na mwanamke amesimama mbele yake na gauni la kulalia.

"Na hili?"

"Hilo ni la chumba cha nahodha."

"Kumbe nahodha anavaa gauni la maua."

Nikageuza ukurasa. Meli akaipa jina Bibi Harusi kwa weupe wake, brosha akaisukuma pembeni.


Jumapili, 6 Aprili

Mvua kutwa. Hakuna aliyetaja meli.


Jumanne, 8 Aprili

Leo ilikuwa zamu ya meli ya pili. Bibi ameibatiza Mwalimu Mkuu, kwa sababu pua yake imesimama juu kama mtu anayetafuta nani kapiga kelele nyuma ya darasa.

Brosha inasema (angalau humu niandike ukweli) kwamba kila chumba kina mhudumu wake. Anakufungulia masanduku, anakupigia pasi nguo, anakutayarishia maji kwenye bafu la marumaru. Nikaweka kidole pale pale, nikasoma: "Abiria wanajifulia wenyewe. Kila mtu anapiga pasi nguo zake. Wanapanga foleni."

Nikangoja akunje uso. Badala yake akavua miwani.

"Pasi za mvuke?"

"Hawajasema."

"Foleni kila siku?"

"Kila Jumatano."

"Sasa hiyo ndiyo meli!" akasema, akapiga paja hadi brosha ikaanguka.

Nilimsahau Babu. Sijui niliwezaje, lakini nilimsahau.

Babu alikuwa dobi wa meli kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa anakuja nyumbani miezi miwili tu kwa mwaka, ananuka wanga na sabuni ya mche. Mimi nimemjua akiwa ameshastaafu. Kila asubuhi alikuwa anapiga pasi sare yangu ya shule. Anajaza maji mdomoni, mashavu yanavimba, halafu anayapuliza juu ya kola kama manyunyu, laini kabisa, na nikicheka tu, yaliyobaki ananipulizia mimi. Shati langu lilikuwa na mkunjo mkali hadi wenzangu wakawa wananiuliza kama nalala nimesimama. Alifariki nikiwa kidato cha kwanza. Tangu hapo nimejifunza kuivaa sare ikiwa na makunyanzi na kujifanya siyaoni.

Bibi ameongea saa nzima. Kumbe miaka yote ile hakuwahi kuingia kwenye meli ya Babu. Siku moja tu alifika hadi getini kumpelekea miwani aliyoisahau, mlinzi akaipokea, akamrudisha. "Nilikuwa nimeolewa na mtu wa meli, na meli siijui," akasema. "Naijua sabuni yake tu."

Halafu akaniambia nisome tena ile sehemu ya foleni. Nikasoma tena. Safari hii nikaongeza na meza ndefu.


Alhamisi, 10 Aprili

Mashuka hayakauki. Tumeyaanua barazani yakiwa bado na unyevu, tukayakunja hivyo hivyo. Bibi anashika pembe mbili, mimi mbili. Tunavuta, tunakung'uta, tunakutana katikati. Ananikabidhi zake, anainama kuchukua mkunjo wa chini, tunarudi nyuma, tunakutana tena.

"Shuka moja mnakutana mara tatu," akasema. "Babu yako akiwa likizo nilikuwa nafua hata yaliyo safi."

Nikaona aibu, sikujua niangalie wapi. Akacheka sana.


Ijumaa, 11 Aprili

Paa la jikoni linavuja pale pale pa mwaka jana. Ndoo ile ile.


Jumatatu, 14 Aprili

Meli ya tatu ndiyo ndogo kuliko zote, abiria hamsini. Bibi anaiita Kidagaa. Leo nilijikaza kweli. Nikasoma kwamba inayumba hata bandarini, kwamba milango ni mifupi, hakuna televisheni, na nahodha anafokea watu.

"Anafokea abiria?"

"Hata wazee."

"Basi habagui. Vizuri."

Nimekuwa kama mtu anayemwagia maji mafuta yanayowaka. Kila ninachokiharibu ndicho anachokipenda. Inayumba? Babu alisema meli isiyoyumba ni nyumba tu. Milango mifupi? Babu alikuwa na kovu kwenye paji la uso, sasa Bibi amejua alilipata wapi.

Lakini moyo wake uko kwa Mwalimu Mkuu, kwa ajili ya zile pasi. Jioni nimemkuta ameshusha pasi ya Babu kutoka kabatini, ameiviringisha kwenye taulo, anaipanga ndani ya begi.

"Wasije wakanipa mbovu," akasema.

Nikamwona akilini mwangu: amesimama kwenye kile chumba cha marumaru, mbele ya mhudumu mwenye glavu nyeupe, ameshika pasi yake, anauliza foleni iko wapi.


Jumatano, 16 Aprili

Dada wa ofisi ya safari, ambaye Mjomba amemkabidhi mambo yetu yote, amepiga simu. Vyumba ni vya watu wawili. Anataka kujua Bibi anasafiri na nani, amtumie ujumbe wa sauti tu, yeye atajaza.

Bibi akanituma nikamnunulie uzi mweusi. Uzi mweusi upo, rili tatu, nimezihesabu juzi. Niliporudi nimelowa chapachapa, alikuwa ameshatuma ujumbe na amekaa ametulia kama mtu aliyeficha kitu mgongoni.

"Umemwambia unaenda na nani?"

"Nimemwambia."

"Nani?"

"Kausha nywele hizo."


Jumamosi, 19 Aprili

Sijui nianzie wapi. Ngoja nianzie na simu.

Asubuhi, Mama alikuwa anajiandaa kwenda kazini, simu yake ikalia. Mjomba. Hakusalimia hata. "Niwekee Mama kwenye spika." Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Shikamoo Mama. Naomba uniambie ukweli. Sina hasira na mtu."

"Marahaba. Ukweli wa nini?"

"Nimeletewa fomu kutoka ofisi ya safari. Abiria wa pili, uhusiano, wameandika mke mwenza." Akameza mate, tulimsikia. "Mama, Baba alikuwa na mke mwingine?"

Mama akaacha kufunga vifungo. Bibi akatazama juu, kama anayekumbuka.

"Alikuwa naye, ndiyo."

"Alimwoa lini?"

"Siku alipozaliwa."

Mvua tu juu ya mabati.

"Siku ile ile, hospitali," Bibi akaendelea. "Alimpokea kwa nesi, akamwangalia, akasema huyu ndiye mke wangu sasa, wewe umeshachuja. Nikamwambia mchukue, uone kama anajua kupika. Kumi na saba anatimiza mwaka huu na wali bado unamshinda."

"Mama!" Mjomba akapiga kelele. "Unamsema mjukuu wako?"

"Namsema mke mwenzangu. Huko uliko mmeshasahau kuongea?"

Mama alicheka hadi akakaa juu ya ndoo. Mjomba anacheka na huku analalamika, kwamba tangu jana hajala, kwamba alishampigia binamu yake kumuuliza kama anajua lolote, kwamba mkewe alishaanza kumwangalia vibaya yeye. Bibi anafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Vyumba ni vya watu wawili," akasema, "ningeenda na nani mwingine? Babu yake hayupo, tumebaki wake zake."

Na mimi nimesimama karibu na jiko, mkono juu ya sufuria, najua sasa alinituma uzi ili nisisikie akinitaja.

Nikasema, "Bibi, nimekudanganya."

Hakuna aliyesikia. Ndivyo sauti yangu ilivyo. Nikarudia, na mara ya pili ikatoka kubwa mno, hata mimi nikashtuka. Wakanyamaza wote, hadi Mjomba huko aliko.

Nikayasema yote. Dirisha si la nahodha. Hakuna nahodha anayefoka. Hakuna foleni.

"Hakuna foleni?"

"Hakuna, Bibi."

"Na pasi?"

"Wanakupigia wao. Wewe hugusi kitu."

Bibi akanyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na lile begi. Akaitoa pasi, akalikunjua taulo, akairudisha kabatini mahali pake na kufunga mlango wa kabati. Taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Hakuniangalia.

"Kwa nini?" Mama akaniuliza. "Umefanya hivyo kwa nini?"

Mjomba alikuwa bado hewani. Ningesemaje kwamba niliwasikia? Nikasema sijui.


Jumapili, 20 Aprili

Bibi hajaniita kwa jina lolote leo.


Jumatatu, 21 Aprili

Bado. Amemwomba Mama chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu.


Jumanne, 22 Aprili

Baada ya chakula cha mchana akaziweka brosha tatu mezani, akavaa miwani.

"Kidole," akasema.

Nikasoma yote, kuanzia jalada. Nilipokwama nilisema nimekwama, nikafungua kamusi mbele yake. Nilimsomea madirisha, nikamsomea kwamba chakula unakula saa unayotaka na unakaa meza unayotaka, kwamba meli hizi ndogo zinaingia kwenye vibandari ambako kubwa zinaishia kuangalia kwa mbali. Nilipofika kwa mhudumu wa chumba akanisimamisha.

"Mtu mzima?"

"Kwenye picha ni mtu mzima."

"Ana mke nyumbani?"

"Hawajaandika, Bibi."

"Hawawezi kuandika hayo." Akapangusa miwani. "Nitakuwa natandika kitanda mwenyewe kabla hajagonga, halafu mkubwa wake atamgombeza kwamba hafanyi kazi. Sasa mimi nitakuwa nimemsaidia au nimemponza?"

Akafunga brosha zote tatu.

"Hizi picha zote ni sebule tu. Piga simu ofisini. Waulize mashuka yao yanakunjwa na watu wangapi."

"Mimi?"

"Kwani mdomo wa kudanganyia ulikuwa wa nani?"

Mimi ni mtu ambaye namba ngeni ikipiga naiangalia hadi ikate. Nilipiga nikiwa nimesimama bafuni, taa imezimwa.

"Samahani," dada wa ofisi akasema, "umesema mashuka?"

"Ndiyo. Yakikunjwa. Ni watu wangapi."

"Nafanya kazi hii mwaka wa tisa. Watu wananiuliza mtandao, wananiuliza kama kuna masaji." Kisha akacheka, si kwa ubaya. "Nitaziandikia meli. Na wewe ndiye mke mwenza?"

"Ndiyo," nikasema. "Ndiye mimi."


Ijumaa, 25 Aprili

Majibu yamekuja. Bibi Harusi ina mashine, na Mwalimu Mkuu ina mashine. Kidagaa haina, maana ni ndogo mno, mashine ingekula chumba kizima. Mashuka makubwa wanayakunja kwa mikono kila asubuhi, wawili wawili, wamesimama kwenye korido.

"Basi Kidagaa," Bibi akasema, kama mtu anayechagua nyanya. "Na hao nitaenda kuwasalimia."

Baadaye akasema, "Funga dirisha hilo, mke mwenzangu, mvua inaingia." Nililifunga polepole ili nisigeuke haraka akaniona uso.


Jumapili, 27 Aprili

Leo nimemwambia kilichobaki. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, nikakaa kwenye kigoda chini yake.

"Bibi, meli ikifika kwa Mjomba wanataka ubaki huko. Nilimsikia Mama. Alisema bado hajakwambia. Ndiyo sababu nilidanganya."

Mkono wake haukusimama.

"Alisemaje? Neno kwa neno. Usinitafsirie."

"Alisema, 'Abaki moja kwa moja. Hapana, bado sijamwambia.'"

"Hajamwambia nani?"

"Wewe."

"Mimi nilikuwa hapo hapo jikoni, nimekaa sakafuni namenya viazi. Simu nilikuwa nimetoka kuishika mimi kwanza." Akatupa jiwe dogo nje. "Aliyeomba kubaki ni mimi. Ambaye hajaambiwa ni wewe."

Herufi moja. Hiyo *m* ya sijamwambia niliipachika kwa Bibi, nikaibeba wiki nne, nikaitungia meli nzima ya uongo, na kumbe ilikuwa yangu. Mtihani wa sarufi nilipata tisini na mbili.

"Mngeniambia," nikasema. Nilikuwa na hasira, naandika kama ilivyokuwa.

"Ulikuwa na mitihani. Mama yako kila siku anasema kesho, kesho. Kila akikuangalia anashindwa." Ndipo nikakumbuka jinsi Mama alivyokuwa anasimama mlangoni kwangu jioni, anauliza kama nina daftari za kutosha, halafu anaondoka. Mimi nilikuwa naona ni mtu anayeficha kitu. Alikuwa anaficha kweli, ila alikuwa anakificha kwa kunihurumia.

"Lakini kwa nini, Bibi? Hapa si kwako?"

"Ni kwangu. Lakini mama yako anatoka saa moja anarudi saa moja. Wewe mwakani uko chuo. Nibaki naongea na redio? Kule kuna watoto watatu hawajui hata kuniamkia. Hiyo ni kazi, na bado nina nguvu za kazi." Akapeta mchele mara moja, mbili. "Siku kumi za melini ni zako. Hizo nilizitenga moyoni kabla hata sijajua meli gani."

Chini ya godoro langu kuna orodha ya vyuo tuliyopewa shuleni, tuchague. Nimeshaweka alama. Nimechagua kilicho mbali kuliko vyote, na sijamwambia mtu. Nilikuwa nimemshikilia Bibi kwa kucha zote asiondoke, na mimi mwenyewe nimeshaondoka.


Jumanne, 29 Aprili

Mvua imekatika saa nane, mara ya kwanza kwa siku kumi. Fomu ya Kidagaa iko mbele yangu, inatakiwa ofisini kesho asubuhi. Bibi ameshaweka sahihi chini. Ameiweka kwanza, kabla sijajaza hata neno moja. Nikamwambia watu hawasaini fomu tupu, hasa fomu ya kujazwa na mtu kama mimi. Akasema, "Jaza," akaenda kuanika.

Nimeandika majina. Uhusiano nimeandika mjukuu, kwa herufi kubwa, Mjomba asikose tena kula. Anayetaka kuvua samaki, hapana. Anayehitaji ngazi yenye mahali pa kushikilia, ndiyo. Umri, sabini na kumi na saba.

Chini kabisa kuna vile visanduku. Kila abiria ana viwili: kwenda na kurudi, kwenda tu. Vimeandikwa kwa maandishi madogo, kwa Kiingereza. Hakuna mtu wa nyumba hii atakayeviangalia ila mimi.

Changu nimekijaza haraka. Kwenda na kurudi.

Kwenye mstari wa Bibi kalamu ilikaa juu ya kisanduku cha kurudi, ikakaa, hadi wino ukaacha nukta. Nje nilikuwa nasikia mashuka yanakung'utwa, kisha kimya kile cha mtu mmoja anayejaribu kushika pembe nne peke yake. Nilitaka niende nikamshikie. Nikajiambia nikitoka sasa sitarudi kwenye hii karatasi.

Nukta si alama ya vema. Nimesogeza kalamu upande wa pili, nikaweka vema kwenye kwenda tu. Nimeibonyeza sana, imetokea hadi nyuma.

Ndala zake zinakuja ukumbini. Anataka asomewe fomu yote kabla sijaikunja, kwa kidole, na atauliza hii nukta inafanya nini hapa, na nitamwambia. Daftari naliingiza chini ya mto, ameshafika mlangoni